Stesheni ndogo, treni mbili kwa wiki: ni abiria walioikimbia treni, au treni iliyowakimbia abiria?

Mkaazi wa Kando ya Reli

Ndugu zangu, ninaomba maelezo kutoka kwa wenye uzoefu wa shughuli za reli, kwa kuwa jambo hili limetugawa hapa ninapoishi na kila mtu hulisema kwa hamaki kuliko kwa hoja. Stesheni yetu ni ndogo sana: jukwaa moja lenye ukingo wa zege uliomeguka, jengo la vyumba viwili, benchi moja la mbao, na mti mmoja unaowapa abiria kivuli kizuri kuliko paa lenyewe. Kwenye ubao wa ratiba bado kuna mistari saba iliyopakwa rangi kwa ajili ya safari saba, lakini mitano kati yake imefutwa kwa chokaa, na mvua inaponyesha chokaa hulainika, maandishi ya zamani yakarudi kuonekana kana kwamba treni hizo zinakuja tena.

Safari zilizobaki ni hizi. Treni ya kwenda mjini hupita saa nane na dakika arobaini usiku wa kuamkia Jumanne na wa kuamkia Ijumaa, ikafika mjini saa tatu asubuhi. Ya kurudi huondoka mjini alasiri ya Jumatano na ya Jumamosi, ikatufikia saa nne usiku. Kwa maneno mengine, mtu mwenye shughuli ya saa mbili tu mjini ni lazima alale huko usiku mmoja, na kabla ya hapo awe amekesha kwenye benchi nililolitaja.

Sasa tumeambiwa kwamba takwimu za mauzo ya tiketi zinaonyesha wastani wa abiria wasiofika wanane kwa kila treni, na kwamba kuna mawazo mawili mezani: ama treni isimame hapa kwa ombi tu, ama stesheni ifungwe kabisa. Ninataka kuelewa gharama halisi ya kuisimamisha treni mahali kama hapa, na kama kusimama kwa ombi ni nafuu ya kweli au ni hatua ya kwanza ya kutuaga. Aidha, vijana wetu wanaitaja mara kwa mara ile habari ya Japani ya stesheni iliyobaki wazi kwa ajili ya mwanafunzi mmoja. Je, ni ya kweli, na inaweza kutusaidia katika hoja?

Gadi Mstaafu

Ndugu Mkaazi, nimefanya kazi ya ugadi kwa miaka mingi na baadaye nikakaa katika chumba cha kuongoza mwendo wa treni, kwa hiyo nitajibu yale ninayoyafahamu kwa mikono yangu, na habari ya Japani nitawaachia wengine.

Kwanza ni vyema ujue kwamba stesheni nyingi ndogo hazikujengwa kwa ajili ya abiria. Zilijengwa kwa ajili ya treni. Kichwa cha treni cha mvuke kilikunywa maji mengi, hivyo kila baada ya umbali fulani palihitajika tenki, na penye tenki palihitajika mtu wa kulitunza. Sababu ya pili ni njia moja. Treni mbili zinazoelekeana haziwezi kutumia reli moja isipokuwa mojawapo ipishe pembeni, kwa hiyo ziliwekwa njia za kupishania, na kila njia ya kupishania ilikuwa na stesheni masta wa kupokea na kutoa idhini. Idhini hiyo ilikuwa kitu cha kushikika: kipande cha chuma kilichotoka kwenye mashine, nacho dereva hakuruhusiwa kuingia kipande kinachofuata cha njia bila kukishika mkononi. Utaratibu huo ulizaliwa na msiba. Mnamo Septemba 1874 treni mbili ziligongana uso kwa uso kwenye njia moja huko Thorpe, karibu na Norwich nchini Uingereza, kwa sababu ya maagizo ya simu ya maandishi yaliyopishana, na miaka minne baadaye Edward Tyer akatengeneza mashine ambayo haikuweza kutoa vipande viwili kwa wakati mmoja kwa sehemu ileile ya njia.

Ninayaeleza haya kwa sababu yanagusa swali lako moja kwa moja. Abiria walikuja kuishi kando ya stesheni ambayo tayari ilikuwa na watu, simu, maji na treni iliyokuwa inasimama kwa shida zake yenyewe. Kusimama hakukuwa na gharama ya ziada. Mvuke ulipoondoka, na idhini zikaanza kutolewa kwa redio kutoka chumba kimoja cha mbali, treni haikuwa na haja tena ya kusimama, na hapo ndipo abiria aliyekuwa akipanda kwa mgongo wa shughuli nyingine alipoonekana kwa mara ya kwanza kama mzigo.

Kuhusu gharama, tupige hesabu. Chukua treni ya tani 400 inayokwenda kilomita 80 kwa saa. Ili isimame kwa upole, bila kuwaangusha watu waliosimama ndani, inahitaji zaidi ya mita 600, na kurudi kwenye mwendo wake inahitaji mara mbili ya umbali huo, maana kichwa cha dizeli huvuta polepole kuliko breki zinavyoshika. Ukijumlisha na dakika mbili za kupakia na kushusha, umepoteza dakika tatu na nusu hivi kulinganisha na treni iliyopita bila kusimama. Nguvu iliyopotea kwenye breki, ambayo ni lazima irudishwe, ni takriban kilowati-saa 27, na kwa kuwa injini hugeuza sehemu ndogo tu ya mafuta kuwa mwendo, hiyo ni kama lita tisa za dizeli. Lita tisa si kitu cha kupuuza, lakini haziwezi kuwa sababu ya kuifunga stesheni. Gharama kubwa iko kwingine: mishahara, taa, ukarabati wa jukwaa, na swichi za njia ya kupishania ambazo ni lazima zikaguliwe na kutiwa grisi hata kama hakuna aliyepanda wiki nzima.

Ndiyo maana kusimama kwa ombi si lazima kuwe maziko. Huondoa mishahara na kubakiza huduma. Ila kuna jambo moja ambalo wasimamizi husahau kulieleza. Kama dereva hajui mapema kwamba kuna mtu jukwaani, itambidi apunguze mwendo kila mara, tayari kusimama, kwa kuwa taa ya mbele haimwonyeshi mtu kwa umbali wa kutosha kufunga breki. Atakuwa amepoteza dakika na dizeli, na huenda hakuna abiria. Kwa treni inayopita saa nane usiku, kusimama kwa ombi kuna maana pale tu ambapo ombi linafika kabla ya treni: kwa simu kwenda chumba cha kuongozea, au kwa kitufe kinachowasha taa ya ishara njiani, kama wanavyofanya Uswisi katika vituo vyao vidogo. Kumwambia bibi kizee apunge tochi gizani na kutumaini ataonekana si utaratibu. Nilikuwemo katika behewa la nyuma usiku mmoja tulipompita mtu wa namna hiyo. Mwanga wa tochi yake niliuona ukizunguka upande wangu wakati dereva alikuwa amekwisha kupita, na tulipofanikiwa kusimama alikuwa nyuma yetu kwa zaidi ya nusu kilomita, akitembea juu ya mataruma na mzigo kichwani.

Mpanga Ratiba

Namshukuru Gadi Mstaafu kwa hesabu zake, sina la kuongeza hapo. Lakini ninadhani swali lenyewe la mwenye mada, yaani nani alimkimbia mwenzake, lina jibu katika ratiba aliyoiandika mwenyewe, nalo linaonekana kabla hata ya kufungua daftari la mauzo.

Sisi tunaopanga ratiba tuna kipimo kimoja cha haraka: je, mtu anaweza kwenda, kufanya shughuli yake, na kurudi siku ileile akiwa na akili timamu? Pale jibu linapokuwa hapana, wanaobaki kwenye treni ni wale tu wasio na njia nyingine, pamoja na wenye mizigo mingi, na idadi yao haibadiliki sana hata ukipunguza nauli. Kwa hiyo wasiofika wanane si kipimo cha haja ya watu wa hapo kusafiri. Ni kipimo cha idadi ya watu walio tayari kukesha na kisha kulala ugenini. Marekani wana mfano ulio wazi wa jambo hili: treni ya Sunset Limited, kati ya New Orleans na Los Angeles, huenda mara tatu tu kwa wiki, na kwa kuwa safari ni ndefu, baadhi ya miji midogo iliyo njiani hupata treni yake wakati wenyeji wamelala. Hakuna anayeweza kuijengea ratiba ya kazi au ya hospitali treni ya namna hiyo.

Kinyume chake ni Uswisi, ambako tangu Mei 1982 walianza utaratibu wa nchi nzima wa treni kupita kila saa kwa dakika ileile, na treni za matawi kupangwa zikutane na za njia kuu. Uzuri wake si wingi wa treni peke yake. Ni kwamba mtu hahitaji kukumbuka siku, na akikosa moja hajapoteza wiki. Sisemi kila njia ya mashambani istahili treni ya kila saa, maana hilo ni jambo la fedha na la idadi ya watu. Ninasema tu kwamba treni mbili zilezile, kwa gharama ileile, zikipita saa kumi na mbili asubuhi na kurudi jioni ya siku hiyohiyo, zitabeba watu wengine kabisa.

Jambo la pili ni namna ya kuhesabu. Mnamo Machi 1963 Richard Beeching, aliyekuwa mwenyekiti wa shirika la reli la Uingereza, alitoa ripoti iliyopendekeza kufungwa kwa stesheni 2,363, na hoja yake mojawapo ilikuwa kwamba theluthi moja ya njia zote ilibeba asilimia 1 tu ya abiria. Takwimu hiyo haikuwa ya uongo. Kasoro ambayo wakosoaji wake waliionyesha ni kwamba mapato yalitazamwa kwa stesheni iliyouza tiketi. Stesheni ya pwani iliyojaa wageni wa likizo ilionekana haina faida, kwa kuwa wageni wote walikuwa wamenunua tiketi za kwenda na kurudi huko walikotoka. Vilevile, ukilikata tawi, yule abiria aliyekuwa akisafiri kilomita 20 kwenye tawi na kilomita 200 kwenye njia kuu hapotezi kilomita 20 peke yake. Hujitafutia gari na kuziacha zote 220.

Baadhi ya yaliyofungwa wakati huo yamefunguliwa upya. Njia iliyotoka Edinburgh kwenda kusini ilifungwa Januari 1969, sehemu yake hadi Tweedbank ikarudi Septemba 2015, na mwaka wa kwanza ikabeba zaidi ya abiria milioni moja. Wengine hawakubahatika, kwa sababu tuta lilikuwa limekwisha kujengwa nyumba.

Mchunguzi wa Habari

Kuhusu Japani, kwa ufupi. Stesheni iliyotajwa katika habari zilizoenea Januari 2016 ni Kami-Shirataki, kisiwani Hokkaido, nayo kweli ilikuwa na treni moja tu kwa siku kila upande na kweli ilifungwa Machi mwaka huo. Hata hivyo habari ilichanganya mambo. Mwanafunzi aliyezungumziwa alikuwa akipandia stesheni ya jirani, Kyu-Shirataki, na hakuwa peke yake kwenye treni ile, maana kulikuwa na wanafunzi wengine waliosafiri nayo. Kufungwa kwa stesheni hizo kuliangukia mwezi Machi kwa sababu ndio mwezi ambao reli za Japani hubadilisha ratiba, na mwaka wa shule wa huko nao huisha mwezi huohuo. Kwa hiyo, ndugu Mkaazi, msiitumie. Mtu mmoja akiyajua haya katika kikao, hoja zenu nyingine zote zitatiliwa shaka.

Ukihitaji mfano wa stesheni iliyobakizwa na treni chache mno, tazama Denton, karibu na Manchester. Kwa miaka mingi ilikuwa na treni moja tu kwa wiki, tena ya upande mmoja. Kuifunga rasmi kungehitaji taratibu ndefu za kisheria, na kuipa treni moja kulikuwa rahisi kuliko kuzifuata. Waingereza huziita treni za namna hiyo kwa jina la bunge lao, jina lililotokana na sheria ya 1844 iliyozilazimisha kampuni za reli kuendesha angalau treni moja ya bei nafuu kwa siku, inayosimama kila stesheni. Kejeli yake ni kwamba jina lililozaliwa ili kumlinda maskini limeishia kuwa jina la treni isiyomfaa mtu yeyote.

Abiria wa Basi

Naomba niwe mwiba kidogo. Wachangiaji wote wanaipenda reli, na mimi pia ninaipenda nikiwa nimekaa ndani yake. Lakini swali la kwanza kwa kila stesheni kama hii ni kama kuna barabara inayopitika mwaka mzima. Kama ipo, basi moja linaloondoka alfajiri na kurudi jioni, kila siku, litawafaa watu kuliko treni bora kabisa ya mara mbili kwa wiki, na halitahitaji swichi za kutiwa grisi. Kama haipo, basi mjadala umekwisha na stesheni isiguswe, hata kama wanaopanda ni wawili. Corrour, kule Uskoti, iko mita 408 juu ya usawa wa bahari na haina barabara ya umma inayoifikia, nayo imekuwa ikisimamisha treni tangu 1894. Kanada nako, kati ya Sudbury na White River, treni husimama hata pasipo na stesheni, kwa sababu wanaoishi porini hawana njia nyingine. Ndugu Mkaazi hajatuambia habari ya barabara.

Mkaazi wa Kando ya Reli

Ninawashukuru nyote, na ninakubali kukosolewa. Barabara ipo, lakini hukatika masika pale inapokatiza mto, na mwaka jana ilikatika kwa wiki tano. Basi hupita kilomita kumi na moja kutoka hapa, nalo halikubali magunia.

Habari ya Japani tumeiondoa. Lakini maelezo ya Mpanga Ratiba kuhusu mauzo ya tiketi yamenifanya nitoke nyumbani jana nikaangalie jambo ambalo nimelipita kila siku bila kulitafakari. Dirisha letu la tiketi hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Treni zetu zote mbili hupita usiku. Anayeishi karibu na stesheni huweza kununua tiketi mchana wa siku iliyotangulia, lakini wanaotoka mbali hufika jioni sana, wakati lile dirisha limekwisha kupigwa komeo, hivyo hupanda bila tiketi na kukatiwa ndani ya treni. Usiku wa kuamkia leo nilikwenda jukwaani nikahesabu. Waliopanda ni 23. Walioonyesha tiketi mlangoni ni sita.

Swali langu sasa ni kwa Gadi Mstaafu: hao 17 wengine wameandikwa wapi?

Gadi Mstaafu

Mzee wangu, umeuliza penyewe. Abiria anayekatiwa ndani ya treni huandikwa katika kitabu cha tiketi cha gadi, na mapato yake hupelekwa kwa jina la treni, si kwa jina la stesheni. Mauzo ya dirisha ndiyo peke yake yanayoingia kwenye hesabu ya stesheni. Kwa hiyo wastani mlioambiwa unaweza kuwa sahihi kabisa kama hesabu ya dirisha.

Kibaya zaidi, kwenye kishina cha tiketi kuna nafasi ya kuandika stesheni alikotoka abiria, lakini usiku, behewa likiyumba na watu kumi wakisubiri, gadi wengi huandika jina la stesheni kubwa ya mwisho waliyoipita, kwa kuwa nauli zake amezikariri na tofauti ni ndogo. Nami nimefanya hivyo, sitakuficha. Abiria wako 17 huenda wamehesabiwa kwa jirani yenu mwenye jengo la ghorofa.

Fanyeni hivi. Ombeni kwa barua vishina vya tiketi vya treni zenu mbili kwa miezi mitatu, mkitaja namba za treni na tarehe, kwa maana huhifadhiwa kwa ajili ya wakaguzi. Wakati huohuo endeleeni kuhesabu jukwaani, watu wawili kila treni, mmoja kila mwisho wa jukwaa, mkiandika wanaopanda na wanaoshuka katika safu mbili tofauti, pamoja na saa treni iliposimama na saa ilipoondoka. Mwombeni gadi wa zamu atie sahihi karatasi yenu kabla hajapuliza filimbi. Wengi watakubali. Wasipokubali, andikeni namba ya treni na kwamba aliombwa. Na treni ya Jumatano usiku msiiache: wanaoshuka saa nne walinunua tiketi mjini, na hakuna daftari lolote la stesheni yenu lenye majina yao.

Mkaazi wa Kando ya Reli

Tumekwisha kupata watu wanne wa kupokezana. Tunaanza Jumatano, na barua ya kuomba vishina imeandikwa. Nitaleta hesabu hapa baada ya treni ya kumi.